Nafasi Isiyolipiwa Kodi

Mabishano kuhusu majengo ya ghorofa Dar es Salaam huanzia juu. Watu huuliza jengo lina ghorofa ngapi, vioo vyake ni vya rangi gani, limependezesha mtaa au limeuharibu, na fleti zake zinauzwa bei gani. Wanaojiona wana mawazo ya kina zaidi huhesabu milango: nyumba ngapi zimepatikana, familia ngapi zimeingia. Maswali hayo yote ni halali. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa huu una watu milioni 4.36, ile ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na haiwezekani wote wapewe kiwanja cha kujenga nyumba ya chini yenye bustani, labda tukubali kuamkia kazini kutoka Chalinze. Sura hii basi haina ugomvi na ghorofa. Ugomvi wake ni na kipimo tunachozipimia. Ubora wa jengo la kuishi unategemea kwanza ile nafasi ambayo hakuna anayeilipia kodi: ua, upenyo kati ya ukuta na ukuta, ngazi, korido, paa. Hiyo ndiyo nafasi inayoliwa kwanza mwenye jengo anapobana matumizi, na ndiyo ambayo hata wakosoaji husahau kuitaja.

Tuanze na kilichokuwepo. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza Kariakoo, Ilala na Magomeni ilikuwa na ramani ambayo mtoto angeweza kuichora mchangani: kibaraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Vyumba vilipangishwa kimoja kimoja, mara nyingi kila kimoja kwa familia yake, na choo, jiko na stoo vilikaa uani. Kwa jicho la dalali, mali iliyokuwa pale ni vyumba sita basi. Lakini sehemu kubwa ya maisha ilipita kwingine. Uani ndiko nazi ilikokunwa, nguo zilikofuliwa na kuanikwa, watoto walikoogeshwa, mchele ulikochaguliwa, na mgonjwa alikotolewa kuota jua. Ukumbi ulikuwa njia ya watu, na pia bomba la upepo: mlango wa mbele na wa nyuma ikiwa wazi, hewa ilipita kutoka mtaani hadi uani bila kuombwa. Kibaraza kilipokea wageni ambao bado hawajafikia hadhi ya kuingizwa ndani, pamoja na kahawa, bao na habari za mjini. Hakuna mpangaji aliyekuwa na sehemu ya ua kwenye kodi yake, na hakuna aliyeweza kuishi bila ua huo. Wala tusiisifu nyumba ile kupita kiasi. Vyumba vilijaa, choo kimoja kiligombewa alfajiri na watu wa nyumba nzima, na masika mashimo yalifurika. Aliyehama kwa sababu alitaka choo cha ndani alikuwa na haki kamili.

Kilichotokea Kariakoo ni kwamba nyumba zilipanda juu huku viwanja vikibaki vilevile. Biashara ilipofunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, ardhi ya pale ikawa dhahabu. Familia zilizorithi kiwanja cha babu ziliingia ubia na wenye mitaji: ninyi toeni ardhi, sisi tutajenga, tutagawana ghorofa. Jengo likajaza kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya nyumba ya chini. Kibaraza kikawa fremu za biashara, na ua ukamezwa na zege. Ukumbi ukageuka korido ya ndani, yenye milango pande zote mbili na giza mwisho wake. Tazama kilichopotea: ni zile sehemu tatu ambazo hazikuwa zikitozwa kodi. Vyumba havikupotea, viliongezeka mara nyingi. Kwa hesabu ya milango haya ni mafanikio makubwa, na ndiyo maana hesabu ya milango peke yake haitoshi.

Inaeleweka kwa nini mjadala wetu haujafika huku. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya 20. Nairobi wana Huruma, ambako jengo la makazi lilianguka Aprili 2016 na kuchukua maisha ya watu wapatao 50. Baada ya misiba kama hiyo, mazungumzo yote yanahamia kwenye nondo, saruji, udongo na vibali, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa sababu jengo lisiposimama hakuna la kujadili tena. Tatizo ni kwamba jengo likisimama tunadhani mjadala umekwisha. Lipo jengo ambalo halitaanguka hata baada ya miaka mia, na katika miaka mia hiyo hakuna mpangaji wake atakayepika mchana bila kuwasha taa.

Hilo si fumbo, ni hesabu ya darasa la sita. Chukua majengo mawili ya ghorofa nane yaliyoachana mita 3. Kila ghorofa ikiwa na mita 3, kuta zinapanda mita 24: urefu wa upenyo ni mara nane ya upana wake. Anayekaa chini akisogea dirishani hawezi kuona anga mpaka ainue kichwa karibu wima. Jua humfikia kwa muda mfupi tu adhuhuri, na saa nne asubuhi taa ya jikoni inawaka. Mwenye jengo ameokoa kipande cha ardhi mara moja. Mpangaji anakilipia kila anaponunua umeme wa LUKU, mwaka baada ya mwaka, na gharama hiyo haionekani popote katika bei iliyoandikwa kwenye bango la mauzo.

Hewa nayo ina sheria zake. Pwani yetu imebahatika kuwa na pepo mbili zinazojulikana na kila mvuvi: kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki miezi ya joto kali, na kusi inayotoka kusini mashariki miezi ya baridi. Lakini upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Fleti yenye madirisha upande mmoja tu, iliyobanwa na korido ya ndani upande wa pili, haipitishi hewa hata ikiwa inatazama bahari. Kisha tumeongeza dirisha la alumini la kusukuma pembeni, ambalo kwa umbile lake hufunguka nusu tu. Nusu ya tundu uliyoilipia inabaki kioo daima. Majengo mengi ya miaka ya 1950 na 1960, pale Upanga kwa mfano, yalijengwa na watu waliolijua joto la Dar es Salaam: veranda iliyo wazi upande mmoja badala ya korido ya ndani, madirisha ya luva, matofali yenye matundu kwenye ngazi. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, lilitumia miavuli mikubwa ya zege kuacha hewa ipite juu ya vichwa vya watu. Ujuzi huo ulikuwepo hapa hapa mjini. Hatukuunyang'anywa na mtu, tuliacha tu kuudai.

Miji mingine imepitia njia hii na imeacha kumbukumbu. Berlin ya karne ya 19 ilipanuka kwa ramani ya James Hobrecht ya 1862, iliyochora barabara pana na vipande vikubwa vya ardhi, kisha ikawaachia wenye nyumba wafanye watakavyo ndani ya vipande hivyo. Kanuni ya ujenzi ilidai ua wa angalau mita 5.34 kwa 5.34, kipimo kilichotosha gari la zimamoto kugeuka. Yaani ua ulipimwa kwa mahitaji ya moto, wala haukupimwa kwa mahitaji ya mtu anayeishi humo. Matokeo yakawa kambi za kupangisha zilizofuatana nyuma ya barabara, ua baada ya ua. Ile iliyojulikana kama Meyers Hof ilikuwa na nyua sita na ilifika kubeba wakazi wapatao 2,000. Mtafiti Marie Huchzermeyer alipoandika kitabu chake cha 2011 kuhusu miji ya majengo ya kupangisha, aliiweka Berlin hiyo kando ya Nairobi ya leo, na anayeijua Huruma au Pipeline kule Embakasi ataona kwa nini. Vyumba vinavyochungulia kwenye shimo la hewa la katikati, nguo zikining'inia ghorofa juu ya ghorofa zikigombea mwanga uleule, si jambo geni duniani. Lina umri wa zaidi ya miaka 150.

New York inafundisha zaidi, kwa sababu ilijaribu suluhisho nusu kabla ya kupata suluhisho kamili. Sheria ya 1879 ilileta majengo yenye shimo jembamba la hewa kati ya jirani na jirani, ili kila chumba kiwe na dirisha. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Katika maisha shimo lile likawa jalala, likapandisha harufu na kelele hadi vyumbani, na moto ulipozuka likawa dohani la kuupeleka juu. Sheria ya 1901 ikakataa mashimo hayo, ikadai ua wa kweli wenye vipimo na choo ndani ya kila nyumba. Wenye mali walilalamika kwamba viwanja vyao vya futi 25 havitoshi. Walikuwa wanasema kweli, havikutosha. Kwa hiyo wajenzi wakaanza kuunganisha viwanja, na ujenzi ukaendelea.

Hapo ndipo pa kuijibu hoja nzito kuliko zote, hoja ya ardhi. Husemwa kwamba Kariakoo, au Manzese, au Eastleigh ya Nairobi, kila sentimita ina bei, na kumwambia mtu aache theluthi ya kiwanja wazi ni kumwambia asijenge. Hoja hii ina kweli nusu. Kiwanja kimoja kidogo, kikijengwa peke yake, hakiwezi kutoa ghorofa nyingi na ua wa maana kwa pamoja. Lakini viwanja vinne vikiunganishwa, mianya minne ya ovyo ambayo hakuna anayenufaika nayo inakuwa ua mmoja unaopitisha hewa, ngazi nne zinakuwa mbili, na tenki, jenereta na lifti vinagawanywa kwa wengi. Ubia tumeshauzoea: familia na mwenye mtaji wanagawana ghorofa kila siku. Kinachokosekana ni ubia wa jirani na jirani, na hapo ndipo halmashauri ingeweza kusaidia, kwa mfano kwa kuruhusu ghorofa moja au mbili za ziada kwa wanaoungana na kuwanyima wanaong'ang'ania peke yao. Ni kazi ngumu, nakubali. Mirathi ya Kariakoo ina warithi wengi, wengine hawasalimiani. Hata hivyo warithi haohao wameweza kukubaliana kuvunja nyumba ya babu.

Hoja ya pili husema ghorofa si utamaduni wetu, kwamba msongamano wenyewe ndio ugonjwa na dawa ni kujenga chini. Pwani yenyewe inaikataa. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni miji ya mawe, ya ghorofa, yenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana na punda lazima mmoja abanike ukutani. Msongamano wake ungemtisha ofisa wa mipangomiji. Lakini ndani ya nyumba ya Lamu kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa hadi vyumba vya ndani huku ukimpa mama wa nyumba anga lake mwenyewe asilochunguliwa. Unguja nyumba nyingine zina mahali pa kupunga upepo jioni juu ya paa. Waliojenga hivyo walijua kwamba ukibana nje lazima ufungue ndani. Berlin nayo ilikuja kuligundua hilo kwa kuchelewa: majengo yaleyale ya karne ya 19, baada ya mengi ya nyuma kubomolewa na nyua kupanuliwa, leo ni miongoni mwa nyumba zinazogombewa zaidi mjini. Kuta ni zilezile na urefu ni uleule; kilichobadilika ni nafasi ya katikati.

Wengine watasema haya ni masuala ya watu wa zamani. Mpangaji wa leo ana kiyoyozi, anapika kwa gesi, ananunua tui la pakiti na nguo zake zinaingia kwenye mashine. Wapo wa namna hiyo, na hongera kwao. Lakini kiyoyozi hakiondoi joto duniani, kinalihamisha: kinapoza chumba changu na kutema joto kwenye upenyo uleule ambao jirani yangu anautegemea kwa hewa. Kadiri wengi wanavyofunga ndivyo asiye nacho anavyolazimika kununua. Kuhusu jikoni, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo mwisho wake, na hilo ni jema. Lakini mpaka siku hiyo ifike jiko la mkaa lipo, na likikosa pa kuwekwa litawashwa kwenye ngazi au ndani ya veranda iliyozibwa. Hata mtungi wa gesi unahitaji mahali penye hewa. Nguo zikifuliwa na mashine bado zinahitaji jua. Na msiba? Familia ya ghorofa ya sita ikifiwa, wanaokuja kukaa matanga watakaa wapi, turubai litafungwa wapi, sufuria la pilau litainjikwa wapi? Majibu ya sasa ni kufunga barabara au kukodi ukumbi, na wengine hurudisha msiba kwa ndugu mwenye nyumba ya chini. Ramani isiyojua kwamba watu hufa ina upungufu, hata kama masta zake zina vyoo vya marumaru.

Waethiopia walilifikiria hilo. Mpango mkubwa wa nyumba za ghorofa ulioanza Addis Ababa katikati ya miaka ya 2000 ulijenga majengo ya ghorofa nne juu ya ile ya chini, bila lifti ili kupunguza gharama, na kando yake ukajenga vibanda vya pamoja vya kuchinjia, kuokea injera na kufulia. Havikutumika vyote kama ilivyokusudiwa, vingine viligeuzwa matumizi. Lakini mpango ule ulikuwa wa nyumba za bei nafuu, si wa matajiri, na hilo linajibu dai kwamba nafasi ya pamoja ni anasa ya kuongezwa baadaye nchi ikiwa na fedha. Kwa kweli maskini ndiye anayeihitaji zaidi. Mwenye vyumba vinne ataanika kwenye kimoja. Mwenye chumba na sebule hana pa kuanika ila nje.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba uwazi wowote ni mzuri na kwamba ukubwa wake ndio dawa. Michenzani, Unguja, ni onyo. Majengo yale yaliyoanza kujengwa enzi za Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki hayana shida ya mianya myembamba. Yamepangwa marefu kama garimoshi kando ya barabara mbili pana zinazokutana, na hewa ipo ya kutosha. Lakini uwazi unaomilikiwa na wote kwa pamoja bila kuwa wa mtu yeyote hasa hauwi ua. Mama hawezi kuacha sahani za dagaa pale akapanda ghorofa ya tano, wala hamwoni mtoto wake akicheza. Ua wa nyumba ya Kiswahili ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa wa milango sita inayojuana. Kwa hiyo kipimo kina pande mbili: nafasi iwe kubwa kiasi cha kuleta mwanga na hewa, na iwe ndogo kiasi cha kuwa na wenyewe. Ua unaohudumia kaya 20 au 30 utafagiliwa. Uwanja wa kaya 500 utasubiri mkandarasi wa usafi.

Sheria ya kulinda nafasi hizo tunayo kwa sehemu. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inatambua kwamba anayenunua fleti ananunua pia hisa katika maeneo ya pamoja, na inaweka chama cha wamiliki cha kuyasimamia. Udhaifu ni kwamba inalinda kile kilichopo. Kama mchoro haukuacha ua, chama kitasimamia ngazi na tenki. Na mpangaji, ambaye katika majengo mengi ndiye mkazi wa kweli, hayumo katika chama hicho. Serikali inapojenga yenyewe haina kisingizio. Magomeni Kota ilipozinduliwa Machi 2022 namba iliyosikika kila mahali ilikuwa kaya 644. Kenya kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu chini ya sheria ya 2024, na mwajiri wake anaongeza kiasi hichohicho. Fedha za umma zinapaswa kutoa ripoti ya aina nyingine pia: ni vyumba vingapi vina madirisha pande mbili, na kila kaya imepata pa kuanika?

Kuna badiliko moja dogo linaloweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Michoro inayopelekwa halmashauri kuombewa kibali huonyesha jengo likiwa peke yake, limezungukwa na karatasi nyeupe na pengine miti miwili ya urembo. Kwenye karatasi nyeupe kila dirisha linatazama mbali. Halmashauri idai mchoro wa mkato unaokata katikati ya upenyo na kuonyesha jengo la jirani kwa urefu wake wa sasa, au kwa urefu ambao naye ameruhusiwa kufika, pamoja na mstari wa macho kutoka dirisha la chini kabisa hadi angani. Msanifu majengo huuchora kwa nusu siku. Ofisa wa vibali atauelewa kwa dakika moja, na mnunuzi anayeoneshwa picha za rangi ofisini kwa dalali atakuwa na karatasi ya kuomba aione.